Sita za shupaza

Kuna jambo linanisumbua tangu Jumamosi na nimeona niliandike hapa, maana nikiwasimulia kwa mdomo mnanicheka kabla sijafika katikati.

Kwanza niwaondoe hofu. Nikisema naenda Nyakato kucheza briji simaanishi daraja! Kuna dada mmoja wa chumba cha jirani aliniuliza kwa upole kabisa kama ndio lile la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025, na kama tunalipwa posho. Teh teh teh. Briji ni karata. Karata hizi hizi 52 mnazochezea "last card" kule hosteli, isipokuwa mnakaa wanne, wawili wawili, mwenzako yuko mbele yako na wapinzani wako kushoto na kulia.

Wanaonijua wanafahamu kwamba Jumamosi huwa natoka Malimbe na begi la nguo chafu, napanda daladala mpaka mjini, kisha nyingine ya Igoma, nashuka Nyakato kwa shangazi. Maji yapo, ugali wa kweli upo. Shangazi amepanga nyumba ya mzee mmoja ambaye sote tunamwita Babu. Babu ni mzaliwa wa Tanga, alikuwa karani wa reli ya Afrika Mashariki kule Nairobi kabla jumuiya ya zamani haijavunjika mwaka 1977, na briji alijifunza huko, ofisini, saa za chakula cha mchana. Ana zaidi ya miaka 80 na kumbukumbu yake inanitia aibu mie ninayesahau hata namba ya usajili. Uani kwake kuna meza moja chini ya mwembe, na wachezaji wenzake ni Mwalimu (mstaafu, mkali) na Fundi (wa redio na televisheni, mcheshi). Wa nne wao alihamia Geita kwa mwanawe mwaka jana. Wakabaki watatu, na briji ya watatu haipo. Ndipo Babu akanitazama nikianika nguo akasema, "Mjukuu wangu, wewe si unasoma takwimu? Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa natumwa tu kama mtoto. Sasa naweza.

Kitu kilichonivuta ni tofauti yake na karata za kwetu. Babu alipokuwa mtoto Tanga walicheza wahedi na sitini, na mpaka leo anaita karata kwa majina ya zamani: A ni ree, K ni mzungu wa nne, J ni mzungu wa tatu, Q ni mzungu wa pili. Nilidhani ni mbwembwe za watu wa pwani, kumbe ni hesabu! Katika mchezo ule ree ni pointi 11, saba ni 10, halafu 4, 3 na 2. Kila aina ina 30, aina zote nne zina 120, ukifikisha 61 umeshinda. Jina la karata ndilo thamani yake. Na majina ya aina zenyewe, kopa, uru, pau, shupaza, pamoja na turufu, waliyaleta Wareno. (Karata yenyewe pia ni neno lao. Walipigwa wakafukuzwa Fort Jesus mwaka 1698, karata zikabaki.)

Sasa kwenye wahedi na sitini unacheza kwanza, unahesabu baadaye. Umepata 61? Hongera. Umepata 90? Hongera zaidi. Hakuna aliyekuuliza mwanzoni utapata ngapi. Briji inakuuliza. Kabla karata hata moja haijaguswa mezani mnanadi, kama mnada wa mitumba: nitakula mizunguko mingapi kati ya 13, na turufu ikiwa aina gani. Mnaanza kuhesabu juu ya sita, kwa hiyo anayesema "nne za shupaza" ameahidi mizunguko 10. Anayesema "sita" ameahidi 12, hiyo inaitwa slemu ndogo. "Saba" ni yote 13, slemu kubwa. Ukiahidi kidogo ukala nyingi, unalipwa kidogo. Ukiahidi nyingi ukazikosa, hata kwa mzunguko mmoja, ahadi yote inaanguka na wapinzani ndio wanaandikiwa.

Hesabu za pointi za utaratibu huu wa kulipa kile ulichoahidi tu, alizitengeneza tajiri mmoja wa Marekani, Harold Vanderbilt, mwaka 1925, akiwa safarini kwenye meli iliyoitwa Finland iliyokuwa ikipita mfereji wa Panama. Melini watu wana muda. Waliowahi kulala MV Victoria wakienda Bukoba wanajua karata zinavyofupisha usiku.

Haya, turudi Nyakato. Jumamosi iliyopita, mgao wa nne na wa mwisho kwa siku hiyo. Sisi tunacheza migao minne minne, na katika mgao wa nne pande zote mbili zinakuwa "hatarini", yaani zawadi ni kubwa na adhabu ni kubwa. Kuna daftari la kaunta linaloandikwa pointi za muhula mzima, na upande utakaokuwa nyuma mwisho wa muhula unanunua sato wa kuwatosha wote. Mimi na Babu tulikuwa mbele kidogo. Lakini kwangu sato hakuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba Mwalimu ana mkwe wake anayejua briji, na mkwe huyo alikuwa anahamia Mwanza. Viti ni vinne. Mnaweza kupiga hesabu nani alikuwa anaangaliwa.

Babu akafungua: "Moja ya shupaza." Kwa makubaliano yetu hapo anaahidi shupaza tano au zaidi. Mwalimu, pasi. Mie mkononi nina shupaza 9 6 4, kopa K Q 3, uru A Q J 5, pau K 7 2. Tunahesabu A kuwa pointi 4, K 3, Q 2, J 1, jumla ya karata zote ni 40. Mie nina 15. Nikasema, "Mbili za uru." Fundi, pasi. Babu akasema, "Tatu bila turufu."

Nikasikia moyo unagonga, kweli jamani. Maana "tatu bila turufu" mahali pale ni sentensi nzima. Babu anasema: nina pointi 18 au 19, na karata zangu zimegawanyika vizuri, sina aina niliyokosa kabisa. 15 na 18 ni 33. Na 33 ndiyo namba ambayo vitabu vinasema slemu ndogo inaanza kuwa halali.

Mwalimu, pasi. Zamu yangu.

Hapa ndipo ningependa mkae kwenye kile kiti cha plastiki badala yangu. Una njia mbili. Ya kwanza, "nne za shupaza". Salama, tunakula, tunaenda kunywa chai. Ya pili, "sita". Babu hakunitazama. Kwenye kijiwe cha karata mwenzako angekukonyeza, angekohoa, angejikuna sikio. Kwenye briji huo ni wizi, na Babu akikukamata hata umeinua nyusi anakunja karata. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu.

Nikaanza na zilizo nje. Kama sisi tuna 33, wapinzani wana 7 tu. Ree mbili ni pointi 8. Basi haiwezekani wakawa na ree mbili! Wengi wakifika hapo huuliza idadi ya ree kwa njia ya Bwana Easley Blackwood, Mmarekani aliyeibuni miaka ya 1930: unatangaza "nne bila turufu" na mwenzako anajibu ana ngapi. Sikuhitaji. Toa 33 kwenye 40, umeshajibiwa.

Kilichobaki ni shupaza. Zangu tatu ni za hovyo, 9 6 4, hazina hata mzungu mmoja. Za Babu tano, jumla nane, nje zimebaki tano. Zikigawanyika tatu kwa mbili, tunapoteza moja tu na slemu inasimama. Zikigawanyika nne kwa moja, pana mashaka makubwa. Sasa watu wengi wakifikiria kadi tano zilizoangukia mikono miwili wanaona kama kurusha sarafu mara tano. Ukifanya hivyo unapata tatu kwa mbili mara 20 kati ya 32, asilimia 62 na nusu. Lakini mkono una nafasi 13 tu. Kila karata inayoingia upande mmoja inapunguza nafasi ya nyingine kuingia pale pale, kwa hiyo mgawanyo unavutwa kuelekea usawa. Jibu sahihi ni karibu 68. Nne kwa moja ni 28, tano kwa sifuri ni kama 4.

Na bei je? Hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Tukibaki kwenye nne na tukala 12, tunaandikiwa 680. Tukitangaza sita na tukala hizo hizo 12, tunaandikiwa 1,430. Tofauti 750. Tukibaki kwenye nne na tukala 11, tunaandikiwa 650. Tukitangaza sita tukaishia 11, wapinzani wanaandikiwa 100. Tofauti 750 tena! Sawasawa kabisa. Maana yake ukiwa na zaidi ya nusu, unatangaza. Slemu kubwa ni habari nyingine, ukianguka unapoteza pia ile slemu ndogo uliyokuwa nayo mkononi, kwa hiyo inataka karibu theluthi mbili. Ila ndogo inataka nusu tu. Mie nilikuwa na 68.

Fundi akasema, "Dada, mwembe huu utazaa ukiwa bado unafikiri."

"Sita za shupaza," nikasema.

Wote pasi. Na hapa kuna jambo ambalo wasiocheza hawalijui. Kwa kuwa Babu ndiye aliyeitaja shupaza kwanza, yeye ndiye mchezaji. Mwenzake, yaani mie, nalaza karata zangu zote wazi mezani, kisha sina kazi tena. Babu anaita "bubu". Umetoa ahadi kubwa kuliko zote za siku, halafu mwingine ndiye anaitekeleza na wewe umekaa mikono mapajani.

Mwalimu akacheza Q ya pau. Babu akatazama karata zangu, akasema "Ahsante mjukuu wangu", kama anavyosema siku zote, hata ukimlazia takataka. Mkononi alikuwa na shupaza A K 7 5 2, kopa A 4, uru K 8 6, pau A 8 3. Pointi 18. Kopa zote za juu zetu, uru zote za juu zetu, ree na K ya pau zetu. Vijipau vyake viwili dhaifu vingetupwa juu ya kopa yangu ya tatu na uru yangu ya nne. Kila kitu kilikuwepo. Akala pau, akacheza ree ya shupaza. Wote wakatoa shupaza. Akacheza K. Mwalimu akatoa shupaza. Fundi akatoa... pau.

Sikuhitaji kuangalia zaidi. Mwalimu alikuwa na Q J 10 3. Nne kwa moja. Babu aliendelea taratibu mpaka mwisho kana kwamba hana habari, Mwalimu akala mizunguko yake miwili, tukaishia 11. Tumeanguka kwa mmoja.

Mwalimu alifurahi mpaka akavua miwani. Halafu akasema, na hakuniambia mimi, alimwambia Babu: "Watoto wa siku hizi wamezoea kubeti. Nne zilikuwa zimelala hapo mezani. Mkwe wangu asingezipita."

Babu akachukua daftari. "Ulihesabu?" akaniuliza.

"Nilihesabu Babu. 33."

"Na shupaza?"

"Nane."

"Basi," akasema, akaandika 100 upande wa kina Mwalimu. Hakuongeza neno.

Nilipowasimulia wenzangu chumbani, wote wakawa upande wa Mwalimu! Eti si ungetulia tu kwenye nne. Eti tamaa. Mmoja akasema mkeka wangu umechanika. Na hapo ndipo nilipopata hasira kidogo, maana hilo la kubeti ndilo hasa linalonikera. Wadau, nusu ya hosteli hii bumu likiingia linapitia kwanza kwenye mikeka. Hebu tufanye hesabu. Chukua mechi ambayo nafasi ni nusu kwa nusu na kampuni inalipa 1.85. Weka shilingi 1,000 mara mia, umetoa 100,000. Utashinda kama mara hamsini, utarudishiwa 92,500. Hiyo 7,500 iliyobaki ndiyo inayolipia yale mabango. Bei pale inapangwa na mwenye duka, na anahakikisha nusu haikutoshi. Kwenye slemu bei ni 750 kwa 750, hakuna mwenye duka. Mgao wa namna ile ukiurudia mara mia, utakula kama mara 68 na kupata 51,000, utaanguka mara 32 na kupoteza 24,000. Faida 27,000. Anayebaki kwenye nne kila siku kwa kuogopa ile 32 ndiye anayepoteza, isipokuwa hasara yake haiandikwi kwenye daftari lolote, kwa hiyo hakuna anayemcheka.

Mwenzangu wa kitanda cha chini akauliza swali zuri lakini: "Sasa kama mlianguka, ulijuaje kwamba ulikuwa sahihi?" Nilimjibu hivi. Ule mgao uliogawanyika nne kwa moja ulikuwa umeshagawanyika hivyo kabla sijafungua mdomo. Karata zilikuwa mikononi mwa watu. Sauti yangu isingezihamisha. Nilichoweza kuchagua ni ahadi, na ahadi inachaguliwa kwa kile kinachoonekana kutoka kwenye kiti chako, si kwa kile Mwalimu alichoshika.

Akasema sawa, ila hakushawishika, nilimwona.

Baadaye Babu alinisimulia habari ya Waitaliano, nami nikaisoma zaidi mwenyewe. Mwaka 1975, fainali ya ubingwa wa dunia kule Bermuda, Italia na Marekani. Mgao wa 92 kati ya 96. Giorgio Belladonna na Benito Garozzo, wachezaji wakubwa kuliko wote wa zama zao, walijikuta kwenye slemu kubwa ya pau, saba kamili, wakati K ya turufu ilikuwa kwa wapinzani. Kwa hesabu ilikuwa slemu mbovu, ilihitaji K ile ikae mkono fulani na iwe na karata moja tu pembeni yake. Ilikuwa kwa Eddie Kantar, K na 10, pale pale ilipohitajika. Ikasimama. Italia wakawa mabingwa. Kwenye meza ya pili Wamarekani walikuwa wamesimama kwenye sita bila turufu, uamuzi wa watu wenye akili timamu, wakapoteza kwa hilo. Nilimwuliza Babu, sasa nani alitangaza vizuri? Akacheka sana, akakohoa, akasema, "Kombe alichukua nani?" Mpaka leo sijui alikuwa ananitania au ananifundisha.

Maana na yeye Babu si mtu wa kusema kila kitu. Kwa siku tatu nilikuwa nawaza lile neno "basi" lilimaanisha nini. Basi, umefanya sawa? Au basi, imetosha? Nilimpigia shangazi Jumanne kwa kisingizio cha sabuni niliyoisahau, nikamuuliza kama Babu amesema lolote. Akasema mkwe wa Mwalimu ameshafika, alikuja kusalimia jana jioni, wakakaa uani mpaka usiku. "Wanazungumza mambo yenu hayo ya sita na nne, mimi sielewi," akasema.

Leo asubuhi Fundi kanitumia ujumbe. Naunukuu kama ulivyo: "Dada mkwe kaonyeshwa karata zako na za Babu bila kuambiwa matokeo. Kafikiria sana akatangaza sita. Mwalimu hajala mpaka sasa hivi hahaha. J'mosi tuko watano, tutakata karata nani aanze kukaa pembeni. Njoo na betri ya saa ya Babu."

Kwa hiyo Jumamosi nipo Nyakato, nikiwa mezani au nikiwa pembeni naanika nguo mpaka zamu yangu ifike. Kwenye daftari tuko nyuma sasa, kwa pointi 40, na bado wiki tano. Kama kuna anayejua mjini wanauza wapi betri ndogo zile bapa za saa ya mkononi za zamani, aniambie kabla ya Ijumaa. Na jaribio la takwimu ni kesho saa mbili, wale tunaosoma pamoja tukutane maktaba saa kumi na moja jioni, mtu asije na spika.